Vikombe vya kauri vinafika vishikio vimekatika, boksi halina hata mkunjo. Nakosea wapi?

Udongo_na_Moto ameandika:

Wakuu, salaam. Natuma vikombe vya kauri kwa posta. Kimoja kina uzito wa gramu 250 hivi, kipenyo sm 8, kimo sm 9, na ukijumlisha kishikio upana unafika sm 11. Nina pia visahani bapa vya kuwekea pete, pamoja na hereni za kioo.

Ufungaji wangu kwa sasa uko hivi: kikombe nakizungushia nailoni ya vilengelenge vidogo mara nne, nakaza kwa selotepu mpaka kisicheze kabisa, kisha nakiingiza kwenye boksi linalokitosha barabara. Kwa nje naandika INAVUNJIKA kwa wino mwekundu pande zote sita.

Mwili wa kikombe unafika mzima, lakini kishikio kimekatika pale kinapoungana na mwili, na mara nyingine maungio yote mawili. Ukiangalia picha za wapokeaji, boksi ni zima, kona zimesimama. Kama boksi halikubondwa na kikombe hakikucheza, hiyo nguvu imepitia wapi? Niongeze nailoni au nibadili boksi? Na hereni zinaweza kwenda kwenye bahasha yenye vilengelenge ndani, au ni kujitafutia balaa?

---

FundiKatoni amejibu:

Mkuu, hilo boksi zima ndilo jibu lenyewe. Boksi likiwa limebonyea na cha ndani kimevunjika, tatizo ni mgandamizo: kuna mzigo ulikaa juu yake. Boksi likiwa zima na cha ndani kimevunjika, tatizo ni kishindo. Boksi dogo gumu likianguka linasimama papo hapo, na kilichobanwa ndani yake kinasimama papo hapo vilevile. Umekibana vizuri sana. Kukikinga, bado.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua kimo cha kuanguka, gawanya kwa umbali ambao kikombe kinausafiri mpaka kusimama. Jaribio la ISTA 1A (la chama cha kimataifa kinachopima usalama wa vifurushi safarini) kwa vifurushi vyepesi huangusha kutoka sm 76, kwa hiyo tutumie hicho. Kikombe kikisimama ndani ya mm 4, kinapata mara 190 ya uzito wake: gramu zako 250 zinageuka kilo 47 na ushei. Kikisimama ndani ya sm 2.5 ni mara 30 hivi, kama kilo 7 na nusu. Na huo ni wastani, kilele cha kishindo chenyewe huweza kufika maradufu.

Utaniuliza, mm 4 zinatoka wapi wakati kuna mizunguko minne ya nailoni? Vilengelenge vidogo vina kimo cha mm 5 hivi, kwa hiyo minne ni sm 2. Lakini kinga yoyote inaweza kutumia kama nusu tu ya unene wake kabla haijawa ngumu kama ubao. Hiyo nusu wewe umeshaimaliza kwa selotepu kabla kifurushi hakijatoka mezani. Kilichobaki ni milimita chache.

Sasa kishikio. Kwanza, kina uzito wake mwenyewe na kimeshikwa na maungio mawili membamba. Mwili ukisimama ghafla, chenyewe bado kinataka kuendelea. Pili, na hili ndilo kubwa kwako, kimechomoza sm 3 nje ya mwili. Nailoni iko nyembamba zaidi juu ya mgongo wake, na ukuta wa boksi uko hapohapo. Boksi likiangukia upande ule, kikombe kizima kinakuwa kimeegemea kishikio.

Fanya hivi. Sokota karatasi laini iwe kama kamba ya unene wa kidole, ipitishe kwenye uwazi kati ya kishikio na mwili mpaka uwazi ujae bila kusukuma. Ukilazimisha kwa kidole umeshazidisha. Halafu weka kamba mbili nene zaidi za karatasi au sponji, moja kila upande wa kishikio, zikichomoza nje kidogo kuliko chenyewe. Lengo ni kwamba ukikiegemeza kifurushi ukutani, ziguse hizo kamba na mwili, siyo kishikio. Ndani ya kikombe weka karatasi iliyofinyangwa kwa ulegevu. Usishindilie, maana kikombe kilichoshindiliwa kikipata kishindo kinapasukia nje.

Baada ya hapo nailoni mizunguko miwili tu, vilengelenge vikitazama ndani. Selotepu ishike nailoni kwa nailoni, na ncha yake ikunje nusu sentimita ili mpokeaji apate pa kuvutia. Vishikio kadhaa hukatikia mezani kwa mpokeaji anayepambana na selotepu, na lawama inaenda kwa msafirishaji.

Kiingize kwenye boksi la ndani la sm 14 × 14 × 12. Hilo linaingia kwenye boksi la nje la sm 24 × 24 × 22, yaani kuna sm 5 kila upande. Anza na sm 5 za vijazio chini, mfano karatasi iliyofinyangwa, zikandamize kwa kiganja, weka boksi la ndani, jaza pande nne, malizia juu mpaka vifuniko vihitaji kusukumwa kidogo ndipo vifunge. Vijazio hulala safarini, kwa hiyo ukifunga boksi likiwa limejaa sawasawa, litafika likiwa na nafasi. Litikise karibu na sikio: hakuna sauti, hakuna kinachogonga.

Boksi la nje liwe la kadibodi yenye mbavu (yale mawimbi ya karatasi katikati yake), unene wa mm 4 unatosha kwa uzito huu, mbavu zikisimama wima. Lililotumika likiwa na kona laini au mikunjo mbavuni, liache. Pia usiyahifadhi sakafuni penye unyevu. Kadibodi kwenye hewa yenye unyevunyevu mwingi inaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba, hata ikionekana kavu kwa macho. Selotepu iwe ya upana wa sm 5, mstari mmoja kwenye mwungano wa katikati na miwili kwenye kingo, juu na chini, ikishuka sm 6 au 7 kwenye pande. Futa vumbi kwanza. Zile selotepu nyembamba za ofisini na zile za karatasi za wapaka rangi hazifai kufungia kifurushi. Kamba usiweke, zinanasa kwenye mashine.

---

bi_Shanga amejibu:

FundiKatoni kamaliza ya vikombe, mimi nijibu ya hereni na visahani.

Hereni za kioo kwenye bahasha peke yake: hapana. Bahasha ile inazuia mikwaruzo, haizuii kukunjwa wala kubanwa. Mashine za kuchambua barua zinapitisha bahasha kati ya mikanda na magurudumu yanayoibana na kuipindisha. Kitu kigumu kinene katikati ya bahasha laini ndicho kinachopata shinikizo lote, maana kila kilichokizunguka ni chembamba kuliko chenyewe. Shanga ya kioo ya mm 12 hapo haina pa kujificha.

Tafuta kijiboksi kigumu chenye kina cha angalau sm 3. Hereni zitungike kwenye kadi ngumu, kulabu zikipita kwenye matundu na kukunjwa nyuma kwa kipande cha selotepu, zikiwa mbalimbali kiasi kwamba ukiinamisha kadi hazigusani. Hili la kugusana watu hulipuuza. Vioo viwili vinavyogongana kwa mtetemo wa gari wa saa nyingi hupata vidonda vidogo pale vinapokutana. Hakuna aliyeviangusha, na bado vimeharibika. Ukiona alama za mikwaruzo au chembe zilizong'oka mahali palepale kwenye vipande viwili, jua chanzo ni mtetemo, na dawa yake ni kuvitenganisha, siyo kuongeza unene wa nje. Kadi ilale kati ya tabaka mbili za sponji laini, sm 1 kila moja, kifuniko kikizigusa kwa wepesi. Kisha kijiboksi kiende kwenye boksi la nje kwa kanuni zilezile za sm 5.

Kwa kitu chenye sehemu nyembamba sana, mfano ua la kioo lenye petali, usikizungushie chochote. Chukua kipande cha sponji, chora umbo lake, kata tundu. Pale palipo imara, kwa kawaida kwenye shina au kitako, tundu liwe dogo kwa mm 2 ili sponji ishike. Pale penye petali, tundu liwe kubwa kwa sm 1 kuzunguka pande zote, petali zielee hewani bila kuguswa na kitu. Watu hupenda kujaza pamba kwenye petali kwa nia njema. Pamba inanasa kwenye ncha, na anayeitoa ndiye anayevunja.

Visahani bapa: visimamishe kwa ukingo, kama vinavyokaa kwenye kichanja cha kukaushia vyombo. Kikilala bapa, kishindo cha chini kinakipinda katikati, na kauri haipindi, inapasuka. Kikisimama, nguvu inapita kwenye urefu wake. Kila kimoja kifungwe peke yake, kati yao weka karatasi ya sponji ya mm 3 au zaidi, halafu kundi lote lifungwe pamoja. Ikiwa ni kisahani kimoja tu, kiweke kati ya vipande viwili viwili vya kadibodi. Katika kila jozi, mbavu za kipande kimoja ziende wima na za kingine ziende mlalo, vigundishwe pamoja. Kadibodi moja inakunjika kirahisi kufuata mbavu zake. Zikikatizana hivyo inakuwa ngumu pande zote.

Angalizo la nailoni: vyenye rangi ya dhahabu juu au vanishi ambayo haijakomaa vizuri, usiviguse na vilengelenge moja kwa moja. Kwenye joto vinaacha duara duara juu ya uso. Karatasi laini kwanza, nailoni baadaye. Na wanaotuma vibao vya elektroniki wasitumie nailoni hii ya kawaida kabisa, inazalisha umeme tuli. Wanahitaji ile mifuko ya rangi ya fedha inayokinga.

---

Mzee_wa_Magazeti amejibu:

Mnamtisha bure. Gazeti lililofinyangwa linatosha, halina gharama, na limefunga vyombo tangu zamani. Au yale mapande ya povu gumu jeupe yanayokuja na vifaa vya umeme, yakate ujaze. Yanabeba televisheni, yatashindwa kikombe?

---

FundiKatoni amejibu:

Mzee wangu, gazeti silikatai, ila lina masharti. Likifinyangwa kwa ulegevu, sm 5 zako zinaweza kulala sana kabla ya kufika, na hapo boksi la ndani linaanza safari zake lenyewe. Finyanga kila ukurasa uwe mpira mgumu wa saizi ya ngumi, panga mipira ikibanana. Na lisiguse kauri isiyo na glezi (ule mpako wa kung'aa kama kioo), wino unaingia na hautoki. Karatasi za kaki ni bora kidogo kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, zinarudi zikibanwa.

Povu gumu jeupe ndilo la kuogopa hapa, na sababu ni hiyohiyo ya televisheni. Lilipimwa kwa uzito wa televisheni. Chini ya gramu 350 halibonyei hata kidogo, kwa hiyo kwa kikombe ni sawa na ukuta. Kinga inalingana na uzito: ngumu mno haisimamishi chochote taratibu, laini mno inalala chali na kitu kinagonga ukuta.

Kipimo cha nyumbani, siyo cha maabara lakini kinatoa mwanga: boksi la ndani likiwa na kikombe lina kama gramu 350. Tunataka lisimame kwa mara 30, ambayo ni kilo 10 na nusu. Weka boksi la ndani tupu juu ya sm 5 za kijazio chako, juu yake kandamiza mzigo wa kilo 10. Kijazio kikishuka kama nusu, umepatia. Kisiposhuka ni kigumu mno. Kikilala kabisa ongeza au badilisha.

Zile punje nyepesi za povu nazo, nisije kusahau: zikimwagwa tu ndani, zinatiririka. Kitu kizito kinazama kati yake kwa mtetemo mpaka kinakaa sakafuni mwa boksi. Ukiwa nazo, zigawe kwenye vifuko vidogo, vifunge, na vifuko ndivyo viwe mito. Za wanga zinayeyuka zikipata maji, hivyo kifuko ni lazima.

Kabla hujatuma vyako vizuri, funga kikombe kimoja chenye dosari kwa utaratibu huu na ukiangushe mara 10 kutoka sm 76 kwenye sakafu ngumu: kona moja, kisha kingo tatu zinazokutana kwenye kona hiyo, kisha nyuso zote sita. Fungua mwishoni, siyo katikati, ukifungua unapanga upya vijazio na jaribio limeharibika. Kikivunjika, angalia kwanza boksi la ndani lilipo. Likiwa limesogea kutoka katikati, vijazio vimelala. Likiwa palepale katikati, kinga ni ngumu mno au kishikio bado kinabeba mzigo.

---

Udongo_na_Moto ameandika:

Shukrani sana wakuu, sasa picha naiona. Ila boksi la 24 × 24 × 22 kwa kikombe cha gramu 250? Kuna wasafirishaji wanatoza kwa ukubwa. Naweza kupunguza zile sm 5? Na kwa nje ya nchi kuna la ziada?

---

Stempu_na_Lakiri amejibu:

Tenganisha mambo mawili. Kampuni nyingi za vifurushi hutumia uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi lako ni sm 12,672 za ujazo, linahesabiwa kama kilo 2.53 hata kama mizani inasema gramu 700. Posta kwa upande wake, vifurushi vidogo vya kwenda nje vinavyopita njia ya barua vina ukomo wa kilo 2, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sm 90, upande mmoja usizidi sm 60. Wewe jumla yako ni sm 70, unaingia bila shida.

Kupunguza sm 5 nisingekushauri, maana umbali huo ndio unaokulinda. Ukifanya 2.5, umekata umbali wa kusimama nusu, na kishindo kinakuwa maradufu. Punguza kwa kuunganisha: maboksi mawili ya ndani, ubavu kwa ubavu, yaliyogundishwa yawe kitu kimoja, kwenye boksi la nje la 38 × 24 × 22. Jumla ni sm 84, bado uko ndani ya kipimo cha posta, na kwa hesabu ya ujazo ni kilo 4 kwa vikombe viwili, yaani kilo 2 kila kimoja badala ya 2.53. Vya tatu na kuendelea, kwa posta sm 90 zinakubana, kwa hiyo hapo piga hesabu upya.

Boksi la ndani lina kazi nyingine kwa vifurushi vya nje. Forodha wanaweza kufungua, na anayefunga tena hajui ulipanga nini wapi. Kikombe kikiwa kwenye boksi lake la ndani lililokamilika, hata vijazio vikirudishwa ovyo kina kinga fulani. Kikiwa kimezamishwa tu kwenye karatasi, bahati nasibu. Fomu ya tamko la forodha ni CN22, na thamani ikizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) ni CN23. Andika kitu kilivyo, "kikombe cha kauri, 1", siyo "zawadi" peke yake, maana tamko lisiloeleweka ndilo linalofanya boksi lifunguliwe.

Maandishi mekundu pande sita hayadhuru, ila kwenye mkanda wa mashine hakuna anayeyasoma. Weka alama ya glasi na ile ya mishale miwili ya juu, kwenye pande mbili zinazopakana inatosha. Ukitegemea mishale ili kifurushi kisigeuzwe, umeshakosea: kinga iwe sawa pande zote sita. Lebo ya anwani ikae kwenye uso mkubwa, isipite juu ya mwungano wa vifuniko wala kona. Boksi la zamani lifute kabisa msimbo wa zamani wa mistari, mashine ikisoma huo kifurushi kinapotea njia. Na ndani, juu ya vijazio, weka karatasi yenye anwani zote mbili, lebo ya nje ikichanika hiyo ndiyo itakayokirudisha.

---

bi_Shanga amejibu:

Naongezea moja la hereni, kisha niwaachie. Kijiboksi kikizama kwenye vijazio vyeupe na chenyewe ni cheupe, mpokeaji anakitupa pamoja na takataka. Kifunge kwa karatasi ya rangi kali, nyekundu au njano, na kwenye ile karatasi ya anwani andika idadi: "Vitu 3: boksi kubwa 1, vijiboksi vyekundu 2." Vivyo hivyo kwa mifuniko ya vikombe: funga kila mfuniko peke yake, usiurudishe juu ya kikombe wakati wa kusafirisha hata ukiwa umeuwekea karatasi katikati.

---

Udongo_na_Moto ameandika:

Nimeelewa, bi_Shanga. Swali la mwisho: kamba za pembeni mwa kishikio, FundiKatoni, zikae kwa urefu wote wa kikombe au usawa wa kishikio tu?

---

FundiKatoni amejibu:

Urefu wote, kutoka kitako hadi mdomoni. Zikiwa fupi kikombe kinapata pa kuyumbia, na kikiyumba kuelekea upande ule, kishikio ndicho kinachokutana na boksi kwanza. Na ukikiingiza kwenye boksi la ndani, kielekeze kishikio kwenye kona, siyo kwenye ukuta. Pale konani pana nafasi zaidi.